Uzi: Mama ameacha wosia, mume waliyetengana naye miaka mingi anaupinga. Mambo yanavyokwenda hapa Dar

KaraniMstaafu

Wakuu, swali hili linarudi kila mara na jibu lake ni lile lile la kijiweni: "huyo alishakimbia, hana chake." Jibu hilo limewagharimu watu nyumba. Nalieleza kwa mfano mmoja, wengine mtakazia panapopwaya.

Tuchukue mama Mkristo, ndoa ya kanisani, amefia Dar. Ana watoto wanne, wote watu wazima. Kaacha nyumba Tabata, kiwanja Chanika na akiba kidogo benki. Wosia wake wa kurasa mbili unawapa watoto kila kitu, mume hajatajwa hata kwa jina. Mume mwenyewe aliondoka nyumbani miaka kumi na minne iliyopita, anaishi Kongowe na mwanamke mwingine. Hakuna aliyewahi kwenda mahakamani kudai talaka. Siku ya kuanua tanga mzee anasimama mbele ya ukoo: huo wosia siutambui.

Mzee huyo ni mgane halali, tuanzie hapo. Chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971 kuishi mbalimbali hakuvunji ndoa, iwe miaka miwili au thelathini. Hata amri ya mahakama ya kutengana inawaondolea tu wajibu wa kuishi pamoja, ndoa inabaki. Kwa hiyo anayesema "hana haki hata ya kuongea mahakamani" ameshakosea kabla faili halijafunguliwa.

Ila kuwa mgane si sawa na kuwa mrithi. Mkristo wa mjini ambaye maisha yake hayakufuata mila, mirathi yake huendeshwa kwa Sheria ya Urithi ya India ya 1865, ambayo bado inatumika kwetu. Sheria hiyo haimlazimishi mwenye wosia kumwekea mwenza wake fungu. Mama alikuwa na uhuru wa kumnyima. Ila wosia ukianguka, mambo yanageuka: mwenza anachukua theluthi moja na watoto wanagawana theluthi mbili. Hicho ndicho mzee anachokifukuzia.

Na ana mlango wa pili ambao hauhusiani na wosia kabisa: kudai kwamba nyumba ya Tabata haikuwa ya mama peke yake. Mama hawezi kuusia kisicho chake.

Wekeni nyumba milioni 90 muone hesabu. Wosia ukisimama na mzee asithibitishe mchango wowote, anaondoka na sifuri. Wosia ukisimama lakini akathibitisha nusu ni yake, anachukua milioni 45 kama mwenye mali, watoto wanagawana 45. Wosia ukianguka bila kuthibitisha mchango, anapata 30, kila mtoto 15. Wosia ukianguka na nusu akaithibitisha, anachukua 45 zake kwanza, kisha theluthi ya 45 zilizobaki, yaani 15. Jumla 60, na watoto wanne wanabaki na 30 za kugawana.

Familia nyingi zinapigania wosia tu na kusahau mlango wa pili. Mlango wa pili ndio mpana.

Mdau_Segerea

Mkuu hapo kwenye mlango wa pili fafanua. Nyumba ina jina la mama peke yake, ofa (barua ya kupewa kiwanja) ina jina lake, mzee atapitia wapi?

KaraniMstaafu

Jina linampa mama nafasi nzuri ya kuanzia, halimalizi ubishi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja inadhaniwa ni yake peke yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili inadhaniwa ni nusu kwa nusu. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uko kwa mzee. Ila na yeye ana pa kushika: Sheria ya Ardhi inamtambua mwenza aliyechangia kwa nguvu zake kuitunza au kuiendeleza ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwenzake. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed ya 1983, mahakama zetu hazihesabu mchango kwa fedha taslimu tu, kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kanuni ile ilitoka kwenye kesi ya mke aliyeachika, lakini mume naye anaweza kujenga hoja kwa mantiki hiyo hiyo: nilisimamia mafundi, nililea watoto mama akiwa safarini.

Hapa kinachoamua ni tarehe. Kiwanja kilinunuliwa lini, msingi ulimwagwa lini, bati zilipanda lini, mzee aliondoka lini. Chukueni karatasi ndefu mpange matukio hayo kwa mwaka. Kama mzee aliondoka msingi ukiwa umeishia kwenye jamvi (sakafu ya zege juu ya msingi) na nyumba ikaezekwa miaka sita baadaye kwa mkopo wa SACCOS wa mama, mchango wake unaishia kwenye kiwanja na jamvi.

FundiHati

Nakazia hapo kwa KaraniMstaafu, maana ushahidi wa nyumba za Dar una vituko vyake.

Nyumba yenye hati ni rahisi. Unaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, unapata jina la mmiliki, tarehe ya usajili, rehani kama ipo na zuio kama lipo. Fanyeni upekuzi huo mapema, kwa sababu mwenza mwenye akili atakuwa ameshakwenda kuweka zuio kwenye daftari la ardhi, na hilo ni tofauti na pingamizi la mahakamani. Unaweza kushinda mahakamani, ukafika ardhi kubadilisha jina ukakutana na zuio ambalo hakuna aliyeomba liondolewe.

Nyumba isiyopimwa ndiyo yenye kazi. Hapo unakuwa na mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, pengine leseni ya makazi. Angalieni kwenye mkataba nani ameandikwa mnunuzi na nani amesaini kama shahidi. Mara nyingi mume amesaini upande wa mnunuzi kama shahidi tu, na hilo lina uzito mkubwa kwenu: kama alikuwa mnunuzi mwenza mbona alikaa kwenye mstari wa mashahidi? Kinyume chake, mkitafuta mkutane na mkataba wenye majina mawili, msiufiche. Nakala nyingine iko kwa muuzaji au kwenye faili la mtaa.

LUKU kwa jina la mama si uthibitisho wa umiliki, hata kama kodi ya jengo inakatwa humo humo. Bili ya maji vivyo hivyo. Zinaonyesha tu nani alikuwa anaishi na kulipa, na kwa kuonyesha lini mzee aliacha kuhusika zinafaa. Stakabadhi za nondo na saruji zilizoandikwa "Cash" bila jina hazina nguvu zikisimama peke yake. Zibandikeni pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zimetoka siku hiyo hiyo au jana yake. Mkataba wa fundi wenye hatua za malipo, yaani msingi, kuta, kupaua, plasta, ni bora kuliko stakabadhi ishirini, maana unaonyesha kila hatua ililipwa lini na nani.

Shangazi_Sinza

Na tarehe ya kuondoka isiwe ya mdomo. Watoto wote wanne wakisimama kusema "baba aliondoka mwaka fulani" hakimu atawasikiliza, lakini wote ni wanufaika wa wosia. Tafuteni karatasi isiyo na upande. Kama mama aliwahi kumpeleka Baraza la Usuluhishi wa Ndoa au Ustawi wa Jamii kuna faili lenye tarehe. Shauri la matunzo ya watoto, vivyo hivyo. Barua ya mwenyekiti wa mtaa anakoishi mzee sasa. Mkataba wake wa pango. Fomu za shule zinazoonyesha mlezi ni mama peke yake.

Naomba niseme na hili: matusi hayasaidii. "Alitutelekeza, ana hawara" hayaondoi ndoa wala hayajengi nyumba. Mkijaza kiapo na hayo, hakimu anabaki anatafuta hoja iko wapi.

PwaniKavu

Mimi ningesema njia fupi ni kufungua mirathi bila kumtaja. Fomu inasema taja warithi, wosia haumtaji, kwa hiyo si mrithi. Akija kushtuka barua ya usimamizi imeshatoka na nyumba imeshabadilishwa jina.

KaraniMstaafu

PwaniKavu, hiyo njia fupi ndiyo inayozaa kesi za miaka minane. Soma kifungu cha 49 cha Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Uteuzi unafutwa kama ulipatikana kwa kuficha jambo la msingi mbele ya mahakama. Mwenza aliye hai ni jambo la msingi. Uteuzi ukifutwa, aliyenunua nyumba anawageukia, benki inafunga akaunti, mnaanza upya huku mmeshachafuka mbele ya mahakama.

Mtajeni: jina kamili, kwamba ni mume wa ndoa, kwamba walitengana mwaka fulani bila talaka, anuani yake. Kisha mpelekeeni taarifa kwa njia yenye ushahidi wa kupokea. Akikaa kimya baada ya hapo, ukimya wake unawalinda ninyi. Mkiwa hamumjui aliko, ombeni mahakama iruhusu taarifa kwa tangazo la gazeti. Matangazo ya mirathi gazetini watu huyadharau, lakini ndiyo yanayomziba mdomo mtu anayekuja baada ya miaka mitatu kusema hakujua.

Mdau_Segerea

Sawa. Na faili lenyewe linafunguliwa wapi, Mahakama ya Mwanzo?

KaraniMstaafu

Kwa mama huyu, hapana. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya mirathi pale sheria inayotumika ni ya mila au ya Kiislamu. Mkristo ambaye hakuishi kimila faili lake ni la Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu kutegemea ukubwa wa mirathi. Watu hupenda Mwanzo kwa sababu ni haraka na haina mambo mengi, kisha rufaa inafuta kila kitu kwa kukosa mamlaka. Mahakama ikitaka kujua sheria ipi inatumika huangalia mambo mawili: maisha ya marehemu yalivyokuwa, na alikusudia nini. Wosia wenyewe ni ushahidi mzuri wa kusudio.

Kwa Dar mashauri ya ndoa na mirathi yana Kituo Jumuishi pale Temeke, tangu 2021. Mnapata Mwanzo, Wilaya na Mahakama Kuu ndani ya uzio mmoja. Ulizeni masijala kabla ya kulipia chochote.

Mnachopeleka: cheti cha kifo cha RITA (kibali cha mazishi hakitoshi), wosia halisi, kiapo cha shahidi mmojawapo aliyeuona ukisainiwa, kiapo cha msimamizi aliyetajwa kwenye wosia, orodha ya mali na makadirio ya thamani, majina ya walengwa wote. Muhtasari wa kikao cha ukoo ni desturi na unasaidia, lakini kama kuna wosia unaomtaja msimamizi, uteuzi hautegemei kura za kikao. Nasema hivi kwa sababu mzee atajaribu kukisusia kikao akidhani kimekwamisha mirathi.

Wosia wenyewe ushikeni kama yai. Msitoe pini ili mtoe kopi. Matundu mawili ya zamani na mawili mapya kwenye kona ya karatasi yatamfanya wakili wa upande wa pili aulize ukurasa wa kwanza ulibadilishwa lini. Pigeni picha ukiwa umebanwa vile vile, uwekeni kwenye bahasha, msiandike chochote juu yake, hata namba ya simu kwa penseli.

WakiliWaKigogo

Nieleze pingamizi linavyotembea, maana hapa ndipo hata mawakili hujikwaa.

Mzee akisikia faili limefunguliwa anaweka pingamizi masijala chini ya kifungu cha 58 cha Sheria ile ile ya Usimamizi wa Mirathi. Pingamizi hilo si kesi. Ni kama kuinua mkono kusema "msimteue mtu kabla ya kunisikiliza." Linadumu miezi minne, anaweza kuweka jingine. Mwombaji wa usimamizi ndiye anayetakiwa kusukuma hatua inayofuata: anaomba mahakama impelekee mzee wito wa kueleza, ndani ya muda uliotajwa usiopungua siku 30, kama anaunga mkono uteuzi au anaupinga. Akitaka kupinga anaingia rasmi kwa kiapo chenye haki anayodai na sababu zake. Asipoingia, maombi yanaendelea.

Akiingia, shauri linageuka kuwa kesi ya madai kwa kifungu cha 52(b). Mwombaji anakuwa mdai, mpinzani anakuwa mdaiwa, kunakuwa na usuluhishi, hoja zinapangwa, mashahidi wanaitwa. Makosa mawili yanajirudia. Moja, mwombaji anakaa miezi kadhaa akisubiri mahakama imwite mzee yenyewe. La pili, mahakama inasikiliza pingamizi kwa hoja za maandishi tu na kutoa uamuzi bila kugeuza shauri kuwa kesi. Mnashangilia, halafu Mahakama ya Rufani inafuta mwenendo wote na kuwarudisha mwanzo. Mkiona utaratibu unarukwa, semeni hapo hapo, hata kama kurukwa kwake kunawafaa.

Bibie_Ukonga

Wosia huo sasa utashambuliwa wapi? Maana wosia unaonekana uko sawa tu.

WakiliWaKigogo

Sehemu tatu.

Utiaji saini. Chini ya sheria ya 1865 kunatakiwa mashahidi wawili au zaidi, kila mmoja awe amemwona mama akisaini au amesikia mama akikiri saini ni yake, na kila shahidi asaini mbele ya mama. Si lazima mashahidi wawe pamoja kwa wakati mmoja. Shahidi anayesema "niliitwa nikasaini, karatasi ilikuwa imekunjwa, mama hakuwepo" amemaliza kesi. Kwa hiyo mashahidi wahojiwe na wakili wenu mapema, kila mmoja peke yake. Msiwafundishe. Shahidi aliyefundishwa anajulikana kwenye swali la tatu.

Kughushi. Anayedai saini imeghushiwa lazima athibitishe, na kiwango cha uthibitisho kwa tuhuma za aina hiyo ni cha juu kuliko madai ya kawaida. Karatasi itakwenda kwa mtaalamu wa maandishi wa Polisi. Atahitaji saini za kulinganisha ambazo hazina ubishi: fomu za benki, za mwajiri, za SACCOS, za miaka ya karibu na wosia. Saini ya mtu mwenye kisukari au aliyepata kiharusi hubadilika, kwa hiyo saini za miaka kumi nyuma zinaweza kuwaumiza bila sababu.

Akili na shinikizo. Kama wosia uliandikwa mama akiwa wodini, faili la hospitali litaitwa. Dawa alizopewa siku ile, daktari aliandika nini kuhusu fahamu zake. Na kama binti aliyepewa nyumba ndiye aliyeita wakili, akachapa, akawaleta mashahidi na kukaa na bahasha, mna kazi ya kuondoa wingu hilo. Halifuti wosia lenyewe, ila mahakama itataka maelezo.

Kuna mtego mwingine mdogo. Mnufaika akisaini kama shahidi, wosia unabaki hai lakini alichopewa kinakufa. Na katazo linamgusa mume au mke wa shahidi pia. Mkwe akisaini kama shahidi kwa nia njema, fungu la mumewe limekwenda. Kama wosia hauna kipengele cha "mali nyingine yote apewe fulani", fungu lile linagawiwa kama vile hakukuwa na wosia, na mzee anachota theluthi yake humo. Angalieni pia tarehe ya wosia na tarehe ya ndoa. Wosia ulioandikwa kabla ya ndoa hufutwa na ndoa yenyewe kwa sheria hii.

Ustaadh_Magomeni

Assalaam alaykum. Haya yote ni kwa mama Mkristo. Akiwa Muislamu mambo yanabadilika sana, na naona watu huchanganya.

Wasia kwa Muislamu unaishia theluthi moja ya mali baada ya gharama za mazishi na madeni, na haumpi mrithi chochote isipokuwa warithi wengine waridhie baada ya kifo. Wosia wa kuwaandikia watoto wanne nyumba yote hausimami kama wasia. Mume aliyetengana bila talaka anarithi robo kwa kuwa marehemu ana watoto. Kwa milioni 90 zile, kama hakuna deni wala wasia na wazazi wa mama hawapo hai, mume anachukua milioni 22 na nusu. Zinabaki 67 na nusu. Watoto wakiwa wa kiume wawili na wa kike wawili zinakuwa mafungu sita, kila mvulana 22 na nusu, kila msichana 11 na robo. Aliyefariki akiwa baba, mke waliyetengana naye anapata thumuni, na wakiwa wake zaidi ya mmoja wanagawana thumuni hiyo hiyo.

Ubishi mkubwa huwa talaka. Mtu anadai "nilimwacha kwa mdomo mwaka ule." Mke wa talaka rejea aliye ndani ya eda bado wanarithiana na mumewe, eda ikiisha bila kurejewa, mirathi imekatika. Kwa hiyo tarehe, shahidi na hati ndivyo vinavyoamua. Talaka ya mdomo isiyo na karatasi wala shauri la mahakama itabishaniwa mpaka mchoke.

Faili hili ndilo la Mahakama ya Mwanzo.

Shangazi_Sinza

Na wa kimila, ili uzi ukamilike. Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 linataka wosia wa maandishi wa anayejua kusoma ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua kusoma, wanne, wawili kwa wawili. Juu ya hao, mke au wake waliopo nyumbani wakati ule nao washuhudie. Hapa ndipo mke aliyetengana na baba hukimbilia: sikushuhudia, wosia batili. Jibu liko kwenye kanuni yenyewe, "waliopo nyumbani wakati ule." Aliyehama miaka kumi hakuwepo nyumbani. Ila kama baba huyo marehemu alikuwa na mke mwingine ndani na huyo hakusaini, hapo mmeshikwa.

Kumnyima mrithi kimila kuna masharti: sababu itajwe kwenye wosia, iwe miongoni mwa zinazokubalika (kama kujaribu kumuua mwenye wosia au kutomtunza kwenye ugonjwa na njaa bila sababu ya haki), na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea.

Mama_Kijitonyama

Swali pembeni kidogo. Wosia umepita, binti kapewa nyumba ya Tabata. Binti mwenyewe ametengana na mume wake, na huyo mume sasa anasema nyumba iingie kwenye mgawanyo wa mali za ndoa yao. Inawezekana?

KaraniMstaafu

Mali aliyorithi mmoja ni yake, haiingii kwenye mgawanyo kwa sababu tu ndoa ipo. Inapoingia ni pale kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinapogusa: mali ya mmoja ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za pamoja. Mume akipaka rangi na kubadilisha koki si maendelezo makubwa. Akijenga vyumba vitano vya wapangaji nyuma ya nyumba kwa fedha yake, ana hoja kwa sehemu ile.

Binti aache nyumba kwenye jina lake peke yake, kodi ya wapangaji iingie akaunti yake, na kama kuna ukarabati alipe mwenyewe na kutunza ushahidi. Na asikubali kusaini "tuweke majina yote mawili tu kwa usalama". Hapo ameunda nusu kwa nusu kwa mkono wake.

Mdau_Segerea

Wakati kesi inaendelea, kodi ya wapangaji Tabata nani anachukua? Vyumba vinne, kila mwezi kuna hela.

FundiHati

Hakuna mwenye mamlaka ya kuzila. Kabla ya uteuzi hakuna msimamizi, anayekusanya na kugawana anajiingiza kwenye mali ya marehemu na atadaiwa hesabu. Mzee akipata taarifa kwamba watoto wanagawana kodi, hicho ndicho kitakuwa kielelezo chake cha kwanza.

Fungueni akaunti yenye watia saini wawili, ikiwezekana mmoja asiwe mnufaika. Wapangaji walipe huko, si kwa simu ya mtoto mkubwa. Toeni humo matengenezo ya lazima tu kwa stakabadhi, choo kimejaa, bati limetoboka. Kama kesi inaonekana itachukua muda, ombeni mahakama iteue msimamizi wa muda wakati uhalali wa wosia unasikilizwa. Huyo analinda mali na kukusanya, hagawi. Mara nyingine jina la msimamizi wa muda asiye na upande linamtuliza mzee kuliko hoja yoyote ya sheria.

Na mafao: ya wategemezi kutoka NSSF au PSSSF yanafuata sheria ya mfuko, hayafuati wosia. Mgane akikidhi masharti atayapata hata kama wosia umemnyima kila kitu. Msipoteze nguvu huko.

WakiliWaKigogo

Kabla ya kufika hukumuni kuna usuluhishi, na kwa mfano huu wa Tabata ningewaambia watoto waingie wakiwa na namba mkononi. Mzee ana hoja ya kiwanja na jamvi. Leteni mthamini aliyesajiliwa atenganishe thamani ya kiwanja na ya jengo. Kama kiwanja ni milioni 30 kati ya 90 na mzee anaweza kuonyesha alichangia nusu ya kiwanja, mjadala wenu ni karibu na milioni 15, si 60. Kumpa hiyo kwa awamu mbili ni nafuu kuliko kufunga nyumba miaka mitano.

Makubaliano yaandikwe yote: kiasi, tarehe za malipo, kwamba anaondoa pingamizi mahakamani na zuio ardhi, kwamba hana dai jingine kwenye mirathi. Walengwa wote wasaini, kisha yasajiliwe mahakamani yawe amri. Karatasi ya kwa mtendaji wa mtaa haitoshi hapa. Kama kati ya walengwa kuna mtoto chini ya miaka 18, fungu lake hakuna wa kulipunguza kirahisi, mahakama itataka kuona maslahi yake.

Msiokuwa na uwezo wa wakili, pale Temeke kuna dawati la msaada wa kisheria, na mjini wapo TAWLA, WLAC na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nendeni na faili lililopangwa kwa tarehe, si mfuko wa rambo wenye karatasi.

Bibie_Ukonga

Baada ya kuteuliwa sasa kuna muda wa kumaliza au mtu anakaa tu na barua?

KaraniMstaafu

Muda upo. Wilaya na Mahakama Kuu: orodha ya mali ndani ya miezi sita, hesabu ya mgawanyo ndani ya mwaka mmoja. Mwanzo: Fomu Na. V ya orodha ya mali ndani ya miezi minne, kisha Na. VI ya hesabu kwa muda mahakama itakaoweka. Ukizidiwa omba nyongeza kwa maandishi kabla muda haujaisha. Kutopeleka hesabu kwa makusudi ni sababu nyingine ya kufutwa uteuzi, na mzee aliyeshindwa kwenye wosia atakuwa anahesabu miezi hiyo kwa vidole. Kwenye hesabu hiyo kodi ya vyumba vinne ionekane tangu mwezi wa kifo, na kilichotumika kwa choo na bati.

Mdau_Segerea

Shukrani wakuu. Kuhusu anuani ya mzee Kongowe, mtaa unajulikana ila nyumba haina namba. Wito unamfikaje?

WakiliWaKigogo

Kupitia mtendaji wa mtaa anakoishi. Mpeleka wito anakwenda naye, mzee anasaini kopi. Akikataa kusaini, mpeleka wito anaapa kiapo cha kueleza siku, saa na aliyeshuhudia, na mtendaji anagonga muhuri. Kiapo hicho kiingie kwenye faili siku hiyo hiyo, na ulizeni namba ya kurasa kilikowekwa.